Mpangaji wa Utaani

Alikuja Wete na sanduku moja na kamusi mbili,
mwalimu wa Kiarabu, Kuwaiti walipomtoa,
baada ya Beiruti kumtoa,
baada ya Kafr Lauza, alikokuwa na miaka minane
na paka aliyekatazwa kumbeba.
Rihab, jina lake. Sisi tukamwita Bi Rehabu,
naye akaitika, kama mtu aliyezoea
kuandikwa vibaya kwenye makaratasi.

Skuli ikampa nyumba Utaani.
Akauliza, "Ya nani?"
Tukamjibu, "Ya serikali."
"Na kabla ya serikali?"

Hapo kila mtu akaona kazi ya kufanya.
Mama alikuwa uani anachambua karafuu,
makonyo huku, karafuu kule,
na katikati ya kuchambua jina likamtoka:
Bi Thureya binti Nasoro. Yuko Maskati.
Aliondoka na kanga aliyoivaa.
Kisha akarudi kwenye makonyo yake.

Mwezi mzima Bi Rehabu alilala ukumbini.
Vyumbani haingii. Msumari hapigi.
Anaandika barazani, daftari juu ya goti,
na watoto wa chuoni husimama nyuma yake
wakisoma herufi wanazozijua
katika maneno wasiyoyajua.
"Kwetu pia kuna mtu amelala," aliniambia.
"Hakuniuliza."

Basi akaandika barua. Mimi ndiye niliyeipeleka posta,
karani wa skuli, miaka kumi na tisa, mpiga chapa wa mitihani.
Sikujua barua inaombaje ruhusa
kwa mtu ambaye hakuombwa ruhusa.

Jibu lilikuja vuli ishapita. Bahasha nyembamba,
ndani hamna salamu, hamna tarehe,
mistari minne tu, mwandiko wa msichana wa Pemba
katika mkono wa bibi kizee:

     Nyumba yangu ikalie,
     dari lile nizibie,
     taa yangu niwashie,
     nami huku nitalala.

Nikamsomea. Nikamfasiria.
"Hiki kinaitwaje?" akauliza, kidole juu ya karatasi.
"Beti."
Alicheka mpaka akakaa, kwa mara ya kwanza, kitini,
kwa sababu kwao beti ni nyumba.
"Kanitilia nyumba ndani ya bahasha," akasema,
"na stempu kailipia yeye."
Usiku ule akafungua sanduku.

Miaka kumi na minne. Madaftari kumi na moja.
Asubuhi sarufi darasani, jioni Kafr Lauza:
mlozi wa shangazi mchoyo, bei ya samli,
nani hasemeshani na nani, na tangu harusi gani.
Waliokuja kumtaka aandike vita aliwajibu,
"Vita mnavyo. Mimi naandika nani alimdai nani mayai."

Siku moja alinitaka neno
la kijiji kilichobaki bila watu.
Nikampa: mahame.
Akalizungusha mdomoni, akanirudishia.
"Hilo la waliohama. Sisi tulihamishwa."
Kwao ni shada moja juu ya herufi,
kwetu silabi moja tumboni mwa neno,
na humo ndani lori, na bunduki, na yule paka.

Amezikwa hapa hapa Wete.
Kamusi zake mbili nimezirithi mimi,
pamoja na deni la sukari dukani kwa Faki.
Nafasiri polepole, sentensi mbili kwa siku,
tatu umeme ukiwepo.

Dari hakuliziba vizuri, lazima niseme.
Masika ya mwaka juzi yalilishukia daftari la sita,
pale alipomweka mama yake,
na kurasa tatu zikawa buluu tupu.
Sikubuni kitu. Nimeziacha nyeupe,
na namba zake chini:
hamsini na nne,
hamsini na tano,
hamsini na sita.